Kichuguu Nyuma ya Bweni la Wasichana

Juzi Butoyi alishuka kwenye basi la Kasulu hapa Kibondo, mvua ikiwa ndiyo kwanza imekatika, na kabla hajanisalimia alikuwa ameshaanza kumgombeza dereva wa bodaboda. "Taratibu na hilo sanduku, baba! Hilo limekuzidi umri!" Nililiona lile sanduku nikapiga ukelele palepale stendi, mwanamke mzima na miwani yangu, hadi wauza ndizi wakageuka. Lilikuwa ni lile lile! Sanduku la bati la rangi ya buluu, kona moja imebonyea, komeo limefungwa kwa waya kwa sababu komeo halijawahi kufanya kazi tangu tulipokuwa wasichana. "Kumbe bado unalo?" nikamuuliza. "Nilipeleke wapi?" akajibu. "Limebeba nepi za wanangu wote. Leo limebeba mzigo wa mama yako wa Pangani." Tukakumbatiana pale kwenye tope, tukicheka, naye akilini mwake bado yuko na yule dereva, anamnyooshea kidole juu ya bega langu.

Tulipofika nyumbani akalifungua sebuleni. Harufu ikatoka, nikafumba macho. Kumbikumbi wakavu, waliokaangwa na chumvi, wamepepetwa mabawa yote, wamejaa hadi juu. Kwetu tunawaita iswa. Nilichota kiganja kizima kabla hata ya kuweka maji ya chai. Kisha tukapiga simu Pangani, na Bi Mwanaidi, ambaye siku hizi haoni vizuri na hasikii vizuri lakini mdomo uko vilevile, hakusalimia. Aliuliza neno moja tu, kama anavyouliza kila mwaka mvua za kwanza zikianguka: "Wametoka?" Tukamjibu kwa pamoja kwa kupiga kelele, wametoka, Mama, wametoka! Akacheka hadi akakohoa. Alikuwa matroni wetu chuo cha ualimu Kasulu, na kwa wiki moja ya mwaka ule alikuwa adui yetu mkubwa kuliko mtihani.

Watu wananiuliza kwa nini nimezeeka nikiwa mlezi wa mabweni, kazi ambayo wenzangu wanaikimbia. Unaamshwa kwa ajili ya bomba, unaamua ugomvi wa ndoo, unakaa kwenye kamati ya nidhamu na mzazi analia mbele yako. Mimi naipenda kazi hii, nasema kweli. Na nikitaka kueleza kwa nini naipenda siwezi kuanzia kwenye cheti. Inabidi nianzie kwenye kile chumba chetu cha vitanda vya juu na chini, chenye dirisha lililokuwa halifungi, ambamo ukungu wa Kasulu ulikuwa unaingia asubuhi na kukaa kama mtu aliyealikwa. Mimi nililala juu, Butoyi chini. Ukuta wa chumba chetu haukufika darini, na upande wa pili wake kilikuwa chumba cha matroni, kwa hiyo tulisikia kila alichosema naye akasikia kila tulichocheka. Chakula kilikuwa ugali na maharage, kesho yake maharage na ugali. Mchuzi ulikuwa mwingi, unaweza kujiona uso. Butoyi alikuwa akiinamia sahani yake na kuyaamkia maharage moja moja, "Mwakeye! Mwakeye!", kama mtu anayewakuta wazee njiani, na meza nzima tunapaliwa.

Yeye alitoka Kitanga. Msichana mfupi, mwenye sauti kubwa, asiyeogopa mtu. Alikuwa mwalimu kabla hajafundishwa ualimu. Akikueleza kitu lazima akishike, akivunje, akuonyeshe ndani. Mimi nilikuwa kiranja wa bweni, kwa maana kwamba nilikuwa na funguo na lawama. Tulipendana siku ya kwanza. Nikasema moyoni, huyu tutamaliza naye.

Bi Mwanaidi alihamishiwa kwetu muhula ule akitoka Tanga. Loh, yule mama alikuwa maridadi! Khanga zake zilinukia udi, Kiswahili chake kilikuwa kinatiririka mpaka sisi tukaona haya kufungua midomo. Lakini alikuwa na hofu, na hofu yake tuliisikia kupitia ukuta. Jioni moja alikuja mke wa mkuu wa chuo kumtembelea, tukasikia vikombe, tukasikia na maneno ya matroni: "Mwenzangu, nimeonywa kabla sijaja. Kigoma hii! Walinambia, ukifika usile kwa mtu, usipokee kitu kwa mkono wa kushoto. Na hawa wasichana asubuhi wananipigia magoti, wanapiga makofi polepole, pa, pa, pa, wananitazama usoni. Makofi ya nini yale?" Mimi na Butoyi tukatazamana, mikono mdomoni. Ile ilikuwa salamu yetu Waha! Mha anayekuheshimu anainama, anapiga makofi, anakuuliza umeamkaje, na nyumba, na watoto, mpaka mgongo umuume. Sisi tulijua tunamheshimu mama wa watu, kumbe tunamkosesha usingizi. Butoyi akasema kesho nitapunguza makofi. Hakupunguza.

Basi mvua za kwanza zikaja. Nyuma ya bweni letu, karibu kabisa na ngazi ya mlango wa matroni, palikuwa na kichuguu kikubwa chekundu, na tangu tulipofika Butoyi alikuwa akikizunguka na kukigongagonga kama fundi anayenunua nyumba. Mchana mmoja, ardhi imeloa na jua limetoka, akaingia chumbani mbio wakati wa saa ya kujisomea. "Leo! Leo wanatoka! Leteni mablanketi!" Nani alikumbuka kitabu? Tulitoka wasichana watano na mablanketi ya kijivu yenye muhuri wa chuo. Alitufundisha kusimamisha fito, kufunika kichuguu chote kama kibanda kidogo, kuacha tundu moja la mwanga, na chini ya tundu kuchimba shimo na kuweka ndoo. Kumbikumbi wakitoka wanaufuata mwanga, wanadondokea ndoo. Kisha, na hapa ndipo balaa lilipoanzia, ukitaka kuwaharakisha unawahadaa. Unachukua vijiti unapiga ardhi na karai, haraka na kidogokidogo, ili huko chini wadhani mvua inanyesha tena. Tukapiga magoti kuzunguka kibanda, vichwa tumevifunga vitenge, tunapiga tikitikitikitiki, na Butoyi akiimba kwa Kiha kwa sauti ya chini, akiwabembeleza watoke.

Bi Mwanaidi akafungua mlango wake wa nyuma.

Sasa mtu ujiweke mahali pake. Umeonywa. Umepigiwa makofi wiki nzima. Unafungua mlango, hatua chache tu kutoka kwenye ngazi yako wasichana wamepiga magoti, wanapiga ardhi, mmoja anaimba lugha usiyoijua, na katikati yao kuna kitu kimefunikwa blanketi, chenye umbo la mtu aliyechuchumaa. "Lahaula!" Birika likamponyoka. Butoyi, masikini, akafanya lile ambalo Mha yeyote mwenye adabu angelifanya: akageuka, akainama, akampigia makofi. Pa, pa, pa. Yule mama alikimbia akapita mbele ya ofisi zote hadi kwa mkuu wa chuo, khanga moja mkononi.

Kamati ya nidhamu ilikaa kesho yake, ofisini kwa mkuu, kwenye viti vilivyofunikwa vitambaa vya kufumwa na chupa ya chai ambayo hakuna aliyenywa. Mkuu alikuwa Mpare mrefu, mnyamavu, mtu wa haki kwa namna yake lakini mgumu kama jiwe. Makosa yalisomwa: ushirikina ndani ya eneo la bweni, kutumia vibaya mali ya chuo, kutoroka kujisomea. Wanne tulisamehewa kwa onyo kwa sababu Butoyi alisimama kabla hajaitwa akasema wazo ni langu. Na adhabu ya ushirikina kwa sheria zile ilikuwa moja: kuondoka bwenini. Ilionekana adhabu ndogo kwa mtu mwenye shangazi mjini. Kwa Butoyi, ambaye Kasulu nzima hakuwa na ndugu hata wa kumpa maji, na Kitanga si mahali pa kwenda na kurudi kwa siku, kuondoka bwenini ni kuacha ualimu. Nilimwona ameshika ukingo wa meza. Mimi nilibaki pale kama kiranja, nisikie, nisiseme.

"Mkuu, ni chakula," Butoyi akasema. "Ni wadudu. Tunakula."

"Wadudu mnawaimbia?"

"Ukimbembeleza mtoto huimbi?"

"Lisemwalo lipo, binti," akasema mkuu. "Matroni hawezi kukimbia bure."

Bi Mwanaidi alikuwa amekaa pembeni, tasbihi mkononi, macho chini. "Mimi sina ubaya na mtoto wa mtu," akasema. "Lakini niliyaona kwa macho yangu. Mkoa huu unajulikana."

Hapo ndipo mdomo wangu ulipofunguka peke yake. Nilikuwa nimechoka! Tangu tufike chuoni, kila mgeni anayeshuka Kasulu anatutazama mikono. Nikasema, kwa sauti ambayo nilidhani ni ya moyoni, "Jamani, hivi kweli mtu wa Tanga anamwogopa Mha?"

 Kisha mwalimu wa taaluma akaanza kutikisika mabega. Mwenzake akajifanya anakohoa. Kila Mtanzania anajua Tanga inavyosemwa kwa uchawi, na kila aliyekuwa pale alikuwa amejizuia kulisema. Hata mkuu akaangalia dirishani kwa muda. Na Bi Mwanaidi, Mungu ampe umri, akainua macho, akanitazama, pembe ya mdomo ikacheza. "Na sisi tunasingiziwa," akasema polepole. "Wallahi, na sisi tunasingiziwa." Kisha akamgeukia mkuu. "Basi na anionyeshe. Nitakaa naye mwenyewe, palepale. Wakitoka, nimekosea. Wasipotoka, sheria ifuate mkondo."

Mkuu akakubali. Siku moja tu, mvua ikinyesha. Nilitoka ofisini nikiruka, nikampiga Butoyi mgongoni hadi akaguna. Tumeshinda! Kumbikumbi ni wa kwetu, mvua ni ya kwetu, nani wa kutushinda?

Mvua ikanyesha kesho yake, nzuri, ya kuloweka. Jua likatoka. Chuo kizima kilikuja nyuma ya bweni, wavulana wamepanda hadi juu ya kuta. Bi Mwanaidi aliletewa kiti akakikataa, akakaa chini kwenye mkeka karibu na Butoyi, tasbihi ikizunguka. Butoyi akapiga vijiti. Akaimba. Akamwonyesha matroni tundu, akamweleza, akamwachia na vijiti ajaribu, na yule mama akajaribu kwa vidole viwili kama anagusa jiko la moto. Tukangoja. Hakutoka hata mmoja. Butoyi akazidi kupiga. Watu wakaanza kunong'ona, wavulana wakaanza kupiga miluzi, jua likashuka, na ndoo ikabaki tupu kabisa. Uso wa Butoyi sikuwahi kuuona vile. Hakuwa anaogopa mkuu. Alikuwa anawashangaa kumbikumbi, kama rafiki aliyeahidi kuja harusini kwako na hakuja. Mkuu akasema kesho asubuhi kuna gari la Kitanga. Bi Mwanaidi alinyanyuka, akajifuta udongo, akamtazama Butoyi kwa muda mrefu. Alionekana mtu aliyeshinda kesi asiyoitaka.

Juzi, tukiwa tunakula ugali wa muhogo na wale kumbikumbi, Butoyi aliniuliza habari za kazi nikamweleza kwamba kesho yake nilikuwa na kikao: binti amekutwa na jiko chumbani, sheria inasema ahame. "Umekaa naye?" akaniuliza. Nikasema nimepata taarifa yote. "Sikuuliza taarifa. Umekaa naye chini?" Nikaweka tonge sahanini, nikachukua mwavuli, nikaenda bwenini. Nilimkuta binti anamchemshia uji mwenzake aliyejifungua na kujificha kwa ndugu mtaani, anaupeleka kila siku kwa chupa ya chai. Jiko tulilihamishia jikoni kwa mpishi, binti akapewa onyo lake, uji ukaendelea. Kikao cha kesho yake kilikuwa kifupi. Lakini usiku ule niliporudi nyumbani nilikuta Butoyi amemaliza na ugali wangu.

Lakini jioni ile ya Kasulu hapakuwa na cha kuhamisha. Butoyi alikunja nguo zake akazipanga kwenye sanduku la buluu, akafunga komeo kwa waya, akaliweka mlangoni. Hakulia. Mimi ndiye niliyelia, nikiwa nimelala juu nimeufunika uso, naye chini ananibembeleza kwa kuupiga teke uchaga wa kitanda changu. Upande wa pili wa ukuta hatukusikia vikombe wala redio. Usingizi ulinichukua bila kujua.

Kilichoniamsha ni sauti. Alfajiri, giza la kijivu, ukungu dirishani, na sauti ya Bi Mwanaidi ikipita koridoni kama king'ora: "Butoyi! Butoyi wee! Amkeni, wanangu! Watu wako wanatoka!"

Alikuwa ameamka kuswali. Alifungua mlango wa nyuma na kandili na birika ili atawadhe, akasikia kitu kinamgonga usoni, kidogo, laini, halafu kingine, halafu kumi, halafu ngazi yote ikawa inatembea. Walikuwa wanabubujika kutoka kichuguu kile kile, maelfu kwa maelfu, mabawa yanang'aa kwenye mwanga wa kandili lake. Na yule mama, aliyeonywa asipokee kitu kwa mkono wa kushoto, aliweka birika chini akaja kutuita kwa mikono yote miwili.

Butoyi alikuwa ameketi kitandani, amevaa tayari kwa safari. Alijipiga kofi la paji la uso ambalo bado nalisikia. "Ni wa alfajiri! Yoo, mimi mjinga! Kwetu Kitanga wa mchana, kumbe hawa ni wa alfajiri!" Alikuwa ametembea na kujiamini kote kule kumbe hakujua kichuguu cha Kasulu kina saa zake. Akatoka mbio bila viatu. Tukatoka wote. Weee! Ndoo, mabeseni, sufuria, vyandarua, chochote! Wasichana wa Dar waliokuwa wanajifanya hawali walikuwa wa kwanza kutia mdomoni wakiwa hai. Bi Mwanaidi alitandaza khanga yake nzuri kabisa kando ya kandili, akakimbilia ndani akipiga kelele, "Niswali kwanza, msiwamalize!" na kweli akaswali, na akarudi, akapandisha mikono ya gauni akakaa chini kwenye tope bega kwa bega na Butoyi. "Wewe mtoto," alimwambia, "mbona hukuniambia wanakuja kwa taa?" "Nilikwambia, Matroni! Nilikwambia kila kitu isipokuwa saa!" Wakacheka wote wawili kama dada.

Vyombo vikajaa. Kumbikumbi bado wanatoka. Butoyi akaangaza huku na huku, akarudi chumbani, nami nyuma yake, na nikamwona anafungua ule waya kwa meno. Akapindua sanduku, nguo zake zote zikamwagika kitandani, sare, kitenge, viatu vya Jumapili, akalibeba tupu kichwani akatoka nalo.

Mkuu wa chuo alifika na koti juu ya nguo za kulalia, tochi mkononi, akidhani bweni linaungua. Akamulika kichuguu. Akamulika mabawa. Akamulika matroni wake, udongo hadi viwikoni.

"Matroni," akasema. "Na wewe?"

"Na mimi, Mkuu. Nilikosea, kesi yangu naiondoa."

Mkuu alisimama, kumbikumbi wanamtembea begani. "Na mablanketi ya chuo? Na saa ya kujisomea?"

"Hayo ni makosa, na nitawaadhibu mwenyewe. Mablanketi watayafua yote, ya bweni zima, na jioni watajisomea chumbani kwangu nikiwaona. Lakini habari ya gari la Kitanga, tusahau."

"Kikao kilishaamua, Bi Mwanaidi. Amekwisha kufunga mzigo."

Bi Mwanaidi akainuka. Akamshika Butoyi mkono, akampeleka mbele ya mkuu, akaishika tochi ya mkuu pamoja na mkono wake akaielekeza chini, kwenye lile sanduku la buluu lililokuwa wazi, linachemka kumbikumbi hadi ukingoni.

"Ataondokaje, Mkuu?" akasema. "Tazama mwenyewe. Sanduku lake limejaa."